Picha za Paris iliyoungua

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, uwafikishie na wazee hapo nyumbani. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo inatutesa.

Umeniuliza mbona picha zile za magofu ya Paris ya 1871 hazina watu. Fundi atakujibu upesi. Enzi hizo mpiga picha alipaka kioo kolodioni (utomvu unaonata), akakichovya kwenye nitrati ya fedha, dawa inayoshika mwanga, akapiga picha kikiwa bado kibichi na kukisafisha kabla hakijakauka, ndiyo maana alitembea na chumba chake cha giza. Kioo kilitaka kutulia sekunde kadhaa. Ukuta unatulia, mpita njia anageuka ukungu.

Jibu hilo halinitoshi. Mpiga picha Bruno Braquehais, aliyekuwa kiziwi, alitumia vioo hivyohivyo, na watu anao tele: wana-Komuni, yaani wafuasi wa Komuni, utawala wa waasi ulioshika Paris mwaka huo, wamejipanga kando ya nguzo ya ukumbusho ya Vendôme waliyoiangusha tarehe 16 Mei, bunduki mkononi, wametulia tuli ili watokee vizuri pichani. Inasemekana baadaye polisi walizitumia picha za namna hiyo kuwasaka.

Basi watu wangeweza kupigwa picha. Ila kilichouzika ni mawe. Kasri la Tuileries liliwashwa moto na wana-Komuni tarehe 23 Mei, jumba la halmashauri ya jiji kesho yake, likateketea pamoja na daftari za vizazi na vifo. Wiki hiyohiyo jeshi la serikali liliua watu kwa maelfu mitaani. Haukupita muda mpiga picha Alphonse Liébert akatoa albamu ya magofu, na Thomas Cook, wakala wa safari, akaleta watalii wa Kiingereza waje kushangaa. Kuta zikapata waombolezaji!

Tena humo kwenye albamu limo kasri la Saint-Cloud, lililoungua Oktoba 1870 kwa mizinga ya Wafaransa wenyewe walipopigana na Waprusi, miezi mitano kabla Komuni haijazaliwa. Kwa macho huwezi kutofautisha moto wa nani ni upi. Unategemea maandishi ya chini, basi.

Mpiga picha Eugène Appert ndiye simwamini hata kwa salamu. Alikodi waigizaji, akawapiga picha, akawabandika vichwa vya watu wengine, akaziuza kama uhalifu wa Komuni.

Nakutumia nakala kwa simu, mbili za Liébert na moja ya Braquehais. Niambie ipi ungeitundika sebuleni kwako, na usinidanganye, maana najua unavyopenda magofu.

Nduguyo,
Zuhura