Ukikwama, Sema

Mwanangu,

Begi lako limekaa mlangoni tangu juzi na mimi bado nina la kusema. Garini hutanisikiliza, utaziba masikio na vile visikizi vyako. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu huko Summer Bridge, kambi ya kiangazi ya kuwaandaa wanaoingia Meyerhoff, ile programu ya ufadhili wa sayansi ya chuo kikuu cha UMBC, Maryland, wana masharti makali ya simu kwa wiki zote 6. Karatasi hawatakunyang'anya.

Siogopi hesabu. Hesabu unaziweza, na unajua huwa sisifii bure. Naogopa ule ukimya wako. Ukielewa kitu nyumba nzima inajua, usipoelewa unaaga mapema unakwenda kulala. Ukikwama, sema. Sema siku hiyohiyo, usingoje wiki ya mtihani.

Usidhani nalitoa kichwani. Miaka ya 1970 pale chuo kikuu cha Berkeley, California, wanafunzi Weusi walikuwa wanaanguka kalkulasi, ile hesabu ya mwaka wa kwanza chuoni, kwa wingi, na walimu walikuwa na majibu tayari: hawana ari, shule walizotoka ni mbovu, wazazi hawajali, ni umaskini. Uri Treisman, naye wakati huo bado anasomea shahada ya juu, aliwafuata wanafunzi 20 Weusi na 20 wa asili ya Kichina hadi vyumbani mwao aone wanasomaje. Sababu zote zile zikapukutika moja baada ya nyingine. Weusi walikuwa wanasoma kama saa 8 kwa wiki, sawasawa na walivyoagizwa na mwalimu, karibu kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Wale wengine walifika saa 14 hivi: saa 8 mpaka 10 mtu na daftari lake, halafu zilizobaki wanakaa pamoja, wanalinganisha majibu, wanatahiniana. Aliyekosea alijua jioni ileile kwamba amekosea. Wa mlango uliofungwa alijua karatasi iliporudi. Na waliokuja na alama nzuri kutoka sekondari hawakupona. Nikifika hapo nakuona wewe, baba, na taa yako ya mezani.

Meyerhoff wamelijua hilo tangu mwanzo. Ukipelekwa bweni moja na wenzako, ukaamshwa alfajiri, ukaambiwa hufanyi kazi ya nyumbani bila kikundi, usidhani wanakufanya mtoto. Robert na Jane Meyerhoff walitoa fedha mwaka 1988, na Freeman Hrabowski ndiye aliyeiunda programu yenyewe. Huyu ni mtu wa hesabu, mzaliwa wa Birmingham, Alabama, aliyelala jela siku 5 akiwa na miaka 12 kwa sababu ya maandamano ya watoto ya 1963 ya kupinga ubaguzi. Kundi la kwanza liliingia 1989, vijana 19, wote wanaume Weusi. Wasichana wakaingia 1990. Mwaka 1994 mahakama ya rufani ilibatilisha ufadhili wa Banneker wa pale chuo kikuu cha Maryland, College Park, kwa kuwa ulitengewa Weusi peke yao, na kufikia 1996 Meyerhoff nayo ikafungua mlango kwa rangi zote. Kwa hiyo utakuta Wazungu na Wahindi humo, usishangae na usinune. Kazi haikubadilika: kuwatoa watu hapo wakiwa tayari kwa shahada ya uzamivu ya sayansi. Waliofuatiliwa walionekana kuingia kwenye masomo hayo takriban mara 5 kuliko wale waliopewa nafasi hiyohiyo wakaikataa wakaenda kusoma kwingine. Vichwa vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni namna ya kuishi.

Sasa kikundi. Nimekaa miaka na wanafunzi wanaorudia hesabu na najua vikundi vinavyokufa. Kinachoua zaidi ni kugawana: wewe fanya namba 1 mpaka 4, mimi 5 mpaka 8, tutapeana. Kazi inakusanywa nzima, alama zinakuja nzuri, na mtihani unamkuta kila mtu anajua nusu. Kinachofuata ni yule mwepesi kushika kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho huku wengine wakitikisa kichwa. Mwepesi huwa ni wewe, nakujua. Basi usishike kalamu. Anayejua akae, asiyejua asimame ubaoni aandike, na ninyi mumuulize "kwa nini" kila mstari. Na siku usiyojua wewe, simama wewe. Hapo ndipo roho yangu inaponidunda.

Wanne au watano wanatosha, wakifika sita wawili watakuwa watazamaji. Kila mtu awe amejaribu maswali yote peke yake kwanza, hata kama mengine yameishia mstari wa pili, na aweke alama ya penseli pale alipokwama. Mkikutana anzeni na zile alama, msianze na swali la kwanza. Saa mbili, mara mbili kwa wiki, mahali pamoja, saa ileile. "Tutatafutana" ni kifo. Dakika kumi za mwisho kila mtu afunge daftari aandike upya swali moja bila kutazama. Asiyeweza hajaelewa, alikuwa anasindikiza.

Na usione aibu kwa makosa madogo, ndiyo yanayokula watu. Kwenye kalkulasi wengi hawaangushwi na kalkulasi, wanaangushwa na aljebra ya miaka mitatu nyuma. Kila muhula naliona hili: mtu anaandika (x + 3)/x, anakata x ya juu na x ya chini, anabaki na 3, anaendelea kwa furaha ukurasa mzima. Aweke x iwe 1 aone: juu 4, chini 1, jibu ni 4. Sekunde tano tu. Lakini peke yako chumbani saa sita usiku hutaiweka hiyo 1, kwa sababu unaamini mkono wako.

Kwenda kwa profesa usingoje uwe na tatizo kubwa. Nenda wiki ya pili, kabla ya mtihani wowote, ukiwa na karatasi uliyoandika mwenyewe. Usimwambie "sielewi sura ya tatu", hajui akusaidie nini. Weka kidole kwenye mstari: mpaka hapa nimefika, kutoka hapa kwenda hapa sijui imekuwaje. Dakika kumi umetoka. Ukimwandikia barua pepe, taja namba ya somo na siku ya kipindi chako, jina lako kamili chini, na usimwite kwa jina la kwanza mpaka akuambie. Hilo la mwisho nyumbani tumekufundisha, lakini rafiki zako wa hapa mtaani wamekufundisha kinyume.

Mtihani wa kwanza wa kemia ndio unaowashtua watoto ambao hawajawahi kuona alama chini ya 90. Ikirudi 64, usiiweke mfukoni. Nenda kwa mshauri wako siku hiyo, na karatasi. Ukipata C kwenye somo la msingi watakushauri ulirudie, ingawa kwa chuo C ni kufaulu. Wanajua kemia ya pili inajengwa juu ya ya kwanza, na ufadhili wako unadai wastani wa B kwenda juu. Si adhabu. Usinifiche. Mwambie mshauri kwanza, mimi baadaye.

Ule msemo wetu kwamba ya ndani hayatoki nje, nadhani niliusema mimi mara nyingi kuliko baba yako. Ulihusu madeni. Haukuhusu kemia.

Na kuna lingine ambalo sikulipanga lakini kalamu imefika. Hapa nyumbani tumezoea kusema "sisi" na "wao". Wao Wamarekani Weusi hivi, sisi tuliotoka Afrika vile. Umekua ukiyasikia mezani na sitajifanya yalisemwa na wageni. Uyaache hapa. Hiyo nafasi unayokwenda kuikalia haikuletwa na bidii ya wahamiaji. Imeletwa na watoto waliopigwa maji ya mabomba ya zimamoto pale Birmingham, na mmoja wa walioandamana nao akakua akaijenga. Ukikaa pembeni ya wenzako kwa kujiona wa aina nyingine, utakuwa umejifungia mlango uleule wa Berkeley, kwa ufunguo wangu. Utakutana na waliokulia kwenye Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanza mwaka 1966 enzi za babu zao, watakuuliza habari za misingi yake yenye majina ya Kiswahili, umoja, ujima, kujichagulia, watatamka kwa namna yao. Usicheke. Mimi "ujima" niliujua kwenye daftari la historia tu, mfumo wa kale wa kuzalisha mali kwa pamoja, tukaukariri kwa ajili ya mtihani na tukaufunika. Wao huuwashia mshumaa kila mwaka.

Mlezi watakupa, mtu wa kazi kutoka huku kati ya Baltimore na Washington. Wengi humpoteza ndani ya miezi mitatu kwa sababu wanamngoja awatafute. Wewe ndiye unayetafuta. Omba saa moja kwa mwezi, nenda na maswali matatu yaliyoandikwa, mwandikie shukrani kabla siku mbili hazijapita, na mara nyingine anza kwa kumwambia ulilifanyia nini shauri lake. Mtu akiona maneno yake yametumika atakufungulia milango hata usiyoiomba. Barua ya mapendekezo iombwe wiki 4 kabla, pamoja na wasifu wako na tarehe ya mwisho kwa maandishi makubwa. Utazihitaji mapema: zile nafasi za utafiti wa kiangazi zinazolipiwa na National Science Foundation, shirika la serikali la sayansi, wiki 10 hivi, nyingi hufunga maombi kati ya Januari na Februari, wakati wewe bado unadhani ni majira ya baridi na una muda.

Maabara ikikupokea, daftari lao ni la kalamu ya wino, tarehe kila ukurasa, ukikosea chora mstari mmoja ili kosa lisomeke. Usichane karatasi. Kizzmekia Corbett, aliyekuwa mstari wa mbele kwenye utafiti wa chanjo ya korona ya Moderna, alipita hapohapo Meyerhoff akamaliza 2008, na yeye alianza na daftari kama hilo. Shangazi yako Tanga nimeshamtumia picha ya barua yako ya kukubaliwa. Ameipeleka mpaka dukani. Sijamzuia.

Fedha: ile fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali wa fedha za masomo, hujazwa upya kila mwaka, na kwa kawaida hufunguliwa 1 Oktoba. Yetu ya mwaka huu ilichelewa kufika, na ulipoambiwa ofisini kwamba umechelewa ulinyamaza ukapokea lawama isiyokuwa yako. Karatasi za kodi zilikuwa kwenye droo yangu. Safari hii nitaijaza wiki ileile, wewe nikumbushe tu, na usinikumbushe kwa upole.

Bwenini usikaange kitu. King'ora kikilia jengo zima linatoka nje na viatu vya ndani, na watajua ni nani. Dagaa hata usifikirie. Nimekufungia achari ya maembe kwenye chupa mbili, ifunge kwa mfuko wa nailoni mara mbili isije ikamwagikia mashuka. Nguo nyeusi zifue peke yake. Lile sanamu la mbwa pale chuoni, wanafunzi husugua pua yake kupata bahati kabla ya mtihani, pua imeng'aa. Sugua tu, haina dhambi, ila uwe umetoka kwenye kikundi.

Mdogo wako ameshahamishia godoro chumbani kwako, nimemwambia asubiri walau gari litoke. Bibi anauliza kama utakuwa unakula samaki. Nimesema ndiyo.

Siku watakayokuruhusu kupiga simu usiniambie "niko sawa, mama". Niambie ni swali namba ngapi limekushinda na nani alikuwa ubaoni.

Ufunguo wa kisanduku cha barua siuoni kwenye msumari tangu Alhamisi. Kama uko kwenye ile suruali ya kijivu utautuma. Kama umepotea, sema, nibadilishe kufuli.

Mama yako