Kuhusu ile AG yako inayozima kwenye silensa

Mwanjelwa, Mbeya
Julai

Ndugu yangu Tweve,

Salamu nyingi. Huku sote wazima. Baridi inauma, ila nikimlalamikia mtu wa Makete juu ya baridi ya Mbeya utanicheka, basi yaishe. Barua yako nimeipata pamoja na ile plagi uliyoiviringisha kwenye karatasi ya daftari. Umefanya la maana kuituma. Wengi wananiandikia "pikipiki inasumbua" tu, utadhani mimi napiga ramli.

Umesema Yamaha AG100 yako inazima kwenye silensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kuvutwa mafuta, na fundi anataka ununue kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta mpya usinunue kwanza. Huyo fundi wako anataka kukuuzia dawa kabla hajakupima. Ile iliyokuja na AG100 kutoka Japani ni chuma cha maana kuliko hizo zinazoning'inia madukani kwenye mifuko ya nailoni, na ikioshwa vizuri itakuzika. Tena mwambie airudishe skrubu ya silensa alipoikuta. Kuipandisha mpaka injini inanguruma bila kuguswa si kutengeneza. Amenyanyua tu slaidi, kile kizibo cha ndani ya kabureta kinachopanda ukivuta mafuta, ili isizime, ugonjwa uko palepale. Na kwa miteremko yenu hiyo, ukiachia mafuta pikipiki inaendelea kukusukuma wakati ulitaka ikushike. Tu-stroki, injini kama yako inayochoma oili pamoja na petroli, yenyewe haina breki ya injini ya kujivunia, usiipunguzie na hiyo kidogo iliyopo.

Sasa plagi yako. Nimeitazama juani. Ni nyeusi ya masizi, lakini juu ya masizi kuna utelezi wa oili, nikiifuta kwa kidole inabaki alama kama ya mafuta ya kupikia. Ungeniletea ya masizi makavu matupu ningesema ni petroli kuzidi hewa, mchezo umekwisha. Huu utelezi unanifanya nifikirie mambo mawili kwa pamoja, na ndiyo maana barua itakuwa ndefu.

La kwanza ni hilo la petroli. Umeandika kwamba asubuhi inawaka kwa kiki moja bila choki, ile ya kuongezea petroli injini ikiwa baridi, ukaisifia. Usiisifie! Injini nzima, kwenye baridi ya Makete mwezi wa saba, lazima iombe choki. Isipoomba, ujue inaishi kwenye choki muda wote, na ikishapata moto ndipo inazidiwa na kuzima. Thibitisha hivi: iendeshe kama dakika kumi ipate moto, iache kwenye silensa, halafu vuta choki kidogo tu. Ikizima papo hapo, mafuta ni mengi. Ikichangamka, basi ni machache, na hapo tutaongea mengine.

Sababu naijua kabla hata sijaiona. Pikipiki umeinunua Kyela, ambako ni kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Wewe uko zaidi ya mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua uzito karibu sehemu moja ya kumi, lakini kabureta haijui kwamba umehama, inaendelea kumwaga petroli ileile. Hata zile mashine za kutembelea juu ya theluji huko Kanada, nyingi za zamani ni tu-stroki, na wenye nazo wakizipandisha milimani hubadilisha jeti, kile kitundu kinachopimia petroli kwenye kabureta, kwa sababu hiihii. Wewe theluji huna, ila mlima unao.

Hapa ndipo mafundi wa boda wanapoharibu, hasa vijana waliojifunzia kwenye foo-stroki, injini zisizochoma oili pamoja na petroli. Kwenye nyingi ya zile, ile skrubu ndogo ya pembeni iko upande wa injini na inapitisha mchanganyiko wa petroli: ukiifungua unaongeza mafuta, ukiikaza unapunguza. Kwenye AG yako skrubu iko upande wa kichujio na inapitisha hewa tupu. Kwa hiyo kazi yake ni kinyume: ukiikaza unanyima hewa, mafuta yanazidi. Kijana anaona moshi, anasema "ngoja nipunguze", anaikaza, na moshi unazidi. Nina hakika yako imekazwa.

Ikaze taratibu mpaka ikae, usiikandamize maana ncha yake imechongoka na inaharibika kirahisi, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa na moto, endelea kuifungua robo kwa robo, ukisubiri kidogo kila mara injini ikusikie, mpaka upate pale inapozunguka haraka na laini kuliko pengine pote. Hapo sasa shusha ile skrubu kubwa ya silensa mpaka mlio ukupendeze, halafu rudia ya hewa kidogo. Ukifika mizunguko mitatu na bado inataka kufunguliwa zaidi, jeti ya silensa ni kubwa kwa huko uliko, tunatafuta yenye namba ndogo. Ile sindano ya kwenye slaidi usiiguse kwa ajili ya silensa, yenyewe inafanya kazi ukiwa umeshavuta mafuta.

Kabla ya hayo yote fungua bakuli la chini ya kabureta uangalie boya na kile kipini chake. Ncha ya kipini ikiwa na mfereji uliochimbika kuzunguka, hakifungi, petroli inapanda, na skrubu zote utakazozungusha ni bure. Jeti osha kwa petroli na upulize kwa pampu. Waya usiingize, tundu la jeti ya silensa ni dogo mno, ukilikwaruza umeshalipanua. Uzi wa kuvulia samaki unatosha. Kichujio cha hewa nadhani hukukifungua, hukukitaja. Kikiwa kimejaa vumbi na oili ni sawa na kuikaba koo.

Nije kwenye huo utelezi, ambao ndio unaoninyima raha. Angalia moshi. Kama unatoka mwingi asubuhi tu halafu unaisha, ni oili ya 2T, ile ya kuchomwa pamoja na petroli, iliyodondokea ndani pikipiki ikiwa imelala, jambo dogo. Kama unaendelea kutoka mweupe mzito hata baada ya kutembea kilomita kadhaa, funua giaboksi upime oili. Imepungua na chini hakuna tone? Basi injini inainywa. Krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ina sili, yaani mpira wa kuzuia uvujaji, kila upande: ya kushoto iko nyuma ya magneto, kile kinachozalisha umeme wa plagi, ya kulia iko upande wa klachi, na ile ya kulia ikichoka, injini inafyonza oili ya giaboksi na kuichoma. Plagi inalowa, silensa inayumba, na mtu anauziwa kabureta. Juzi nimetoa moja kama hiyo kwenye AG ya mzee mmoja wa Igawilo: mdomo wa sili umekauka, nikiupinda kwa kucha unakatika vipande. Pikipiki ilikuwa imekaa banda la kuku miaka, na kukaa huko kunaua sili kuliko kuendeshwa.

Sili ya kushoto ikifa dalili zake ni tofauti, maana huko hakuna oili, inaingia hewa tupu. Injini inapanda resi yenyewe, ukiachia mafuta inachelewa kushuka. Hujaniambia kitu kama hicho, lakini ukishapunguza petroli kikaanza kuonekana, simama, usiiendeshe kwa ubishi. Tu-stroki hupata ulainisho wake pamoja na petroli. Hewa ikizidi pistoni inapata joto, inavimba na kukamata silinda, na hapo ni bloku na pistoni, si skrubu tena. Kabla ya kulaumu sili, paka grisi kuzunguka ule mpira kati ya kabureta na injini, pande zote. Silensa ikitulia, mpira umepasuka na umepona kwa bei rahisi.

Sili ya kulia usifungue mwenyewe na usimwachie huyo fundi. Pale kuna klachi na pampu ya oili pia, na pampu ikirudishwa na hewa kwenye bomba lake bila kutolewa, oili haifiki na pistoni inakufa hata kabla hujatoka mjini. Mkikuta oili ya giaboksi imepungua, ipakie kwenye fuso la viazi uilete huku, nitaifanya mimi. Ikiwa haijapungua, fanya ya skrubu na kipini, uniandikie rangi ya plagi mpya baada ya wiki. Kahawia ya chai ya maziwa ndiyo ninayoitaka.

Hela usitume kwanza. Najua nyinyi Wakinga hilo mtalipokea bila ubishi.

Msalimie shemeji na wanao. Mama huku anauliza kama mwaka huu matufaha yamezaa.

Ni mimi nduguyo,
Ambakisye