Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: vitu vyetu vipo mtandaoni ila havijuani

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Moshi na sio habari ya mlima wala tembo, za hizo najua unapata nyingi. Ni habari ya makumbusho na nyaraka, ambazo kiukweli huwa zinakumbukwa mwisho kabisa, sisemi kwa ubaya ila ndo hali halisi.

Iko hivi. Chukua Mangi Meli, yule Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Mtoto wa sekondari akitaka kumjua yeye na zama zake leo afanyeje? Picha za wamisionari wa Leipzig, waliofika huku miaka ya 1890, zimewekwa mtandaoni na chuo kikuu cha Southern California huko Marekani. Vitu vilivyobebwa Kilimanjaro vipo kwenye makumbusho za Leipzig, Stuttgart na Berlin. Mafaili ya serikali ya Kijerumani mengine yapo Dar kwenye Nyaraka za Taifa, mengine Berlin. Kila mahali wameandika kivyao, ukisearch Old Moshi unapata vichache, ukiandika Moschi kama walivyoandika Wajerumani vinamwagika vingine, Chagga haiioni Dschagga, Machame inakaa kama Madschame, na pengine kwenye sehemu ya mahali wameandika tu Deutsch-Ostafrika basi, koloni zima na Rwanda na Burundi ndani yake! Kompyuta haiwezi kujua kwamba hayo yote ni huku kwetu, lazima iambiwe, na wa kuiambia ni sisi.

Hiyo ndo inaitwa metadata, yaani yale maelezo yanayoambatana na picha au kifaa: ni nini, kimetoka wapi, lini, nani alikichukua, kinaitwaje na wenyewe. Na tusiseme ni mambo ya wasomi. Mwaka 2023 wale wa Berlin wanaotunza mafuvu ya enzi ya ukoloni walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimekutanisha baadhi ya mafuvu na ndugu walio hai hukuhuku Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikiwa jina Akida, ambaye alikuwa mshauri wa Mangi Meli. Jina moja lililoandikwa kwenye mfupa zaidi ya miaka mia iliyopita, na hilo ndo likawapa pa kuanzia kuwatafuta wajukuu. Kichwa cha Meli mwenyewe hakijajulikana kilipo mpaka sasa. Mimi nikifikiria hilo ndo naona kwamba maelezo ya kitu yana uzito sawa na kitu chenyewe, na pengine zaidi.

Sasa upande wetu. Kuna ofisi moja, siitaji, walikuwa wameshaskani picha za zamani nzuri sana, nikauliza zinapatikanaje, nikaonyeshwa flashi ina mafaili yanaitwa scan001, scan002, mpaka mwisho. Nani yuko pichani, wapi, mwaka gani, hakuna, na mzee aliyekuwa anawajua wale watu ameshafariki. Hela ya kuskani ilipatikana, hela ya kumkalisha mtu na wazee aandike majina haikuwepo kwenye bajeti. Mheshimiwa, hapo ndo panapouma.

Ninachoomba sio websaiti mpya, tafadhali, tunazo za kutosha ambazo domeini zimeisha muda. Ninachoomba ni makubaliano. Kila Mtanzania aliyesajiliwa ana namba moja ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, benki wanaijua, mtandao wa simu unaijua, hata jina likiandikwa na herufi imekosewa namba inasema ni yuleyule. Vijiji vyetu, watu wetu wa kihistoria na vifaa vyetu navyo vipewe namba ya namna hiyo, na kila taasisi iitumie. Old Moshi iwe na namba moja, chini yake yaorodheshwe majina yote iliyowahi kuandikwa, ya Kijerumani, ya Kiingereza na ya kwetu. Kuhusu fomu ya maelezo hatuna haja ya kubuni, Dublin Core ipo tangu 1995 (Dublin ya Ohio Marekani, sio ya Ireland), ina vipengele 15 tu, hata karani mgeni anajifunza haraka. Na hakuna anayenyang'anywa kitu, kila mtu anabaki na picha zake, kinachokusanywa ni maelezo na linki, Europeana, lango la mtandaoni la makumbusho na maktaba za Ulaya, wanafanya hivyo tangu 2008.

Afrika pia imefanyika. Vitu ambavyo Waingereza walipora ufalme wa Benin, Nigeria, mwaka 1897, tangu 2022 zaidi ya 5,000 vinaonekana pamoja kwenye tovuti ya Digital Benin, kutoka taasisi zaidi ya 130 za nchi 20, na majina ya Kiedo, lugha ya wenyewe, yamewekwa. Wajerumani nao tangu 2021 wana lango lao la vitu vya kikoloni. Wao wanaendelea kuunganisha, na sisi tusipopeleka majina yetu yatakayotumika ni yale ya afisa wa jeshi wa 1900.

Ugumu naujua, ndo maana nakuandikia wewe. Makumbusho ya Taifa yako kwako, ikiwemo ile ya Azimio pale Arusha na ile ya Boma la Mjerumani, ila Nyaraka za Taifa ziko chini ya Ofisi ya Rais Utumishi, kanda za iliyokuwa Radio Tanzania ziko kwa watu wa habari, vyuo viko Elimu, na makanisa yana stoo zao. Mkurugenzi wa makumbusho hawezi kuwaita hao wote mezani, waziri anaweza.

Jambo moja la tahadhari. Sio kila kitu kionyeshwe. Picha za mafuvu, vitu vya matambiko, hivyo ukoo ndo uamue, maelezo yanaweza kuonekana na picha ikafungwa. Wakiletwa wataalamu waambiwe hilo mapema kabla hawajaanza kupakia.

Muanze na mikoa hii miwili tu, Kilimanjaro na Arusha. Kuhusu ile orodha ya namna Wajerumani walivyoandika majina ya vijiji vyetu, sisi wachache huku tumeshaanza kuijaza kwenye eksel, ofisi yako ikiihitaji tunaituma hata leo, bure.