Barua ya wazi kwa mkubwa wa mifugo hapa Nairobi: mbuzi anayezunguka apimwe kabla hajaingia sufuriani

Mheshimiwa, salamu. Mimi ni mfugaji mdogo huku Ruai, niko na mbuzi wa maziwa na ng'ombe kidogo nyuma ya nyumba, na naandika hapa wazi juu hii maneno si yangu peke yangu.

Juzi mbuzi wa jirani alianza kuzunguka, upande mmoja tu, kushoto kushoto mpaka anagonga ukuta. Sikio moja limelala, jicho la upande huohuo halifungi, mate yanachuruzika na majani yamekwama shavuni hawezi kumeza. Watu wakajaa. Mmoja anasema ni kichaa cha mbwa, mwingine anasema minyoo imepanda kichwani, mama mmoja akaapa ni kurogwa. Kufika jioni mbuzi ameshachinjwa, nyama imegawanywa, kichwa kimeenda supu. Sasa nani atajua ilikuwa nini?

Mimi nashuku listeria, ugonjwa wa bakteria unaoshika ubongo, juu uso kulegea upande mmoja na kuzunguka ndio dalili zake kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Lakini kushuku si kupima, na kama ilikuwa kichaa cha mbwa basi huyo jamaa aliyechinja kwa mikono mitupu ako kwa shida kubwa kuliko yetu sote.

Hii bakteria inakaa kwa udongo na kwa mavi, na mahali inapenda zaidi ni saileji mbovu, yaani majani yaliyokatwa yakafungwa bila hewa yachache. Hapa mjini hatuna shamba, tunanunua saileji kwa magunia, imetoka mbali kwa pikipiki, plastiki imetoboka njiani, hewa imeingia. Saileji nzuri inanukia kama uji uliochacha, ile asidi ndio inazuia listeria, lakini ikichanganyika na udongo ama ikikosa kufungwa vizuri asidi haitoshi na bakteria inazaana. Unalisha leo, mnyama anaanza kuzunguka wiki mbili tatu baadaye, na hapo hakuna mtu anakumbuka lile gunia. Wengine hawazunguki hata, wanatupa mimba tu, na sisi tunaokota hicho kitoto bila glavu halafu tunalaumu brusela, ule ugonjwa mwingine wa kutupa mimba.

Dawa iko, penisilini kwa dozi kubwa, lakini lazima ipewe mapema, mbuzi akishalala chini kuamka ni bahati, siku mbili tatu ameenda. Ng'ombe huvumilia kidogo.

Na maziwa je? Chai yetu inatuokoa kwa sababu tunaichemsha mpaka inafurika jiko (wale wanaotucheka watuache). Shida ni mala ya maziwa mabichi, na yale yanawekwa friji wakidhani baridi inaua. Listeria inaendelea kukua hata kwa digrii 4. Mama mjamzito akiipata anaweza kuhisi homa kidogo tu, kumbe mtoto ndio anapotea tumboni.

Angalia Afrika Kusini. Mwaka wa 2017 na 2018 waliugua watu zaidi ya 1,000, wakafa zaidi ya 200, na kati yao watoto wachanga walikuwa wengi sana. Desemba 2017 serikali yao ikaamuru kila mgonjwa wa listeria aripotiwe, na Machi 2018 wakajua ilikuwa inatoka kwa polony, ile soseji nene ya kukatwa vipande, ya kiwanda kimoja. Walijua juu walipima. Sisi ushahidi tunaukula.

Kwa hivyo ombi langu si semina, semina tumeketi za kutosha na soda tumekunywa. Tupatie namba moja ya simu, mtu akiona mnyama anazunguka anapiga, anakuja mtu mwenye glavu na kiboksi cha barafu, anachukua kichwa anakipeleka maabara Kabete. Bure, ama bei ambayo haishindi bei ya nyama, juu huyu mwenye mbuzi anahesabu hasara yake na mkishindana na mchinjaji mtashindwa kila siku. Na majibu yarudi kwa mwenyewe. Wakisema ni listeria tunatupa ile saileji. Wakisema ni minyoo ya ubongo, ile inayotoka kwa mbwa, sawa pia, tutawapa mbwa wetu dawa. Halafu kuwe na mtu anapitia wanaouza saileji, afungue gunia anuse, hiyo haihitaji bajeti.

Namba ikipatikana mpeeni chifu, ako na grupu ya WhatsApp ya wafugaji na huko ujumbe unasomwa kabla ya kukamua asubuhi.