Asante sana kaka wa chai, pale Mnara wa Saa

Jamani huyu kaka jina simjui ila ikimfikia ajue namshukuru mno. Nilikua mgahawani jirani na Mnara wa Saa hapa Arusha, nimetoka kushinda gemu ya chesi ya dakika 3 kwenye simu, nimetoa ngome sadaka nikamkamata mfalme, jamaa niliyemfunga akaniandikia "mwizi wewe unatumia injini" (yaani programu ya kompyuta inayokutafutia muvu) na matusi juu, akaniripoti. Mikono ikawa inatetemeka, nikataka kufuta akaunti kabisa. Kaka meza ya pili akasema pole dada, hebu tuione, tukaipitia muvu kwa muvu, akaniambia wanaoiba na injini mara nyingi kila muvu muda uleule, wewe hapa umekaa sekunde 40 unajikuna kichwa 😂 nikacheka. Akasema hata Carlsen, aliyekua bingwa wa dunia wa chesi, 2022 alifungwa na Niemann akajitoa mashindanoni akimshuku ni mwizi, mwaka uliofuata FIDE, shirikisho la chesi duniani, wakampiga faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu ya msingi, sasa huyo wako wa mtandaoni nani? Akanionyesha pa kuzimia meseji za mpinzani, ripoti akasema waachie wenye app wakague. Na chai akalipa!! Kaka ukinikuta tena pale zamu yangu, chapati juu.