Shukrani kwa mdogo wangu wa kwenye korido

Mdogo wangu uliyenikuta kwenye korido nikisubiri kuitwa kwenye rufaa ya shule hapa Leicester, Uingereza, asante sana. Jina lako sikulipata. Uliniamkia "shikamoo mama", nami moyo ukatulia hapohapo.

Binti yangu alikuwa amekosa nafasi ya sekondari. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba wale wajumbe watatu wanaosikiliza rufaa si watu wa shule, na kwamba wakiamua, shule haina budi kufuata. Kwamba ataanza mwakilishi wa shule kueleza kwa nini hawawezi kuongeza mtoto, na nina haki ya kumuuliza maswali, kisha ndipo nitoe hoja zangu. Halafu ukachukua kalamu, ukapigia mstari sentensi mbili kwenye barua ya daktari kuhusu pumu ya mwanangu. "Mama, usiwaambie shule hii ni nzuri. Waambie kwa nini yeye hasa anaihitaji."

Na ndicho walichoniuliza! Nikasoma ile mistari yako, nikaeleza habari ya kubadilisha mabasi asubuhi za baridi kifua kikimbana. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho.

Kumbe sheria inaruhusu mzazi kuja na mtu wa kumsaidia. Akina mama wenzangu nimeshawaambia.

Amepata nafasi, anaanza Septemba. Mungu akuzidishie, wewe na kichanga chako uliyekuwa umembeba kwa khanga. Anayemfahamu, tafadhali amfikishie salamu zangu.