Tukikuambia ukate lusani, usidhani tumekula hela yako

Masika yakishika, sisi tunaouza mbegu za lusani, yale majani ya kulisha ng'ombe, hupigiwa simu ileile: "Mbegu mliyoniuzia ina ugonjwa." Tukifika shambani tukasema kata, mteja ananuna. Yaani nilipe ada ya ukaguzi ili niambiwe nikate majani?

Ndiyo, ulipe. Vidoa vya kahawia vya mviringo, vidogo kama kichwa cha kiberiti, vikianzia majani ya chini, yakageuka manjano na kupukutika, huo ni ukungu wa madoa. Lusani haifi kwa huo. Ila protini nyingi iko kwenye majani, na jani likishadondoka ng'ombe haliokoti. Kata mapema, hata kama mashina yaliyotoa maua hayajafika asilimia 10. Mzee mmoja wa Ol Kalou alingoja maua yajae "ili uzito uongezeke." Akavuna vijiti.

Wengi hukimbilia dawa. Mama mmoja wa Njoro alipiga dawa ya ukungu, akarudia, na lusani ikazidi kunyauka. Tulipochimba, mzizi mkuu ulikuwa wa kahawia, ganda linachubuka kwa kidole, na shimo likaanza kujaa maji tukiwa tumesimama pale. Dawa ya majani ingefanya nini? Pale palitakiwa mtaro wa kutoa maji. Isitoshe, alikuwa amelisha ng'ombe bila kusoma kwenye lebo siku za kusubiri baada ya kupiga dawa, sasa hajui maziwa ayauze au ayamwage. Piga hesabu ya dawa, kibarua na maziwa, halafu uje tuzungumze ada yetu.

Ugonjwa wa kutu hauna utata: pangusa jani kwa kidole, ukibaki na unga mwekundu-kahawia ndiyo yenyewe, na hiyo pia hukatwa. Kazi ipo kwenye chule, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia shina. Ncha ya shina hunyauka na kujikunja kama bakora, na chini yake kuna kidonda chenye ukingo mweusi. Hapo aina ya mbegu ndiyo huamua, kwa kuwa zipo zinazostahimili. Mbegu iliyothibitishwa haiwezi kuwa bei moja na ile ya kupimiwa kwa kikombe sokoni.

Vijana wetu hukata umande ukishakauka, shamba changa kwanza na la zamani mwisho, na mundu huoshwa kabla ya kuhamia kwa jirani. Wakataji wa bei nafuu huanza alfajiri majani yakiwa yamelowa, wakasambaza ugonjwa shamba hadi shamba.

Kabla ya kununua dawa, tutumie picha ya jani la chini, ya shina, na ya mmea mmoja uliochimbuliwa na mizizi yake. Tukitambua kwa picha, hatutozi.